Nyumba ya Nzi

Ayoub alipokuja Jambiani mara ya kwanza, sababu iliyotolewa ilikuwa kuku. Kuku wa mayai wa Salhiya walikuwa wamepunguza kutaga, na binti yake Yusra, aliyekuwa akifanya kazi Mjini katika ofisi ya mifugo, alipiga simu kusema kuna mwenzake kazini anayejua sana mambo ya chakula cha kuku, naye angependa kuja kuwatazama. Salhiya alisema aje. Siku ilipofika alifagia uwanja mara mbili, akatandika mkeka mpya, akapika pilau.

"Tangu lini mtazama kuku akapikiwa pilau?" aliuliza mumewe, Amour.

"Tangu alipoanza kutajwa katika kila simu," alijibu Salhiya. "Nenda kavae kanzu."

Amour hakuwa mtu wa kukumbushwa kanzu. Miaka yake yote ya kazi alikuwa akizishona, kwenye duka dogo la Mkunazini, Mjini, mpaka macho yalipoanza kumkataa akarudi kuishi Jambiani na mkewe. Alikuwa msafi kupita kiasi. Kikombe alikisuuza kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Nzi akitua kwenye sahani yake, Amour aliisogeza tu pembeni, na chakula kile hakikuliwa tena. Tangu waoane, Salhiya hakuwahi kumwekea chakula bila ya kukifunika kwa kawa.

Ayoub alifika na Yusra kabla ya adhuhuri. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mzaliwa wa Bukoba, na Kiswahili chake cha bara kilimfanya Salhiya amsikilize kwa makini zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Aliamkia vizuri, akaketi vizuri, kisha akatoa kwenye mkoba kopo lililofungwa kwa kitambaa.

"Mama yangu amewatumia zawadi," alisema.

Yusra akainamisha uso. Alikuwa amemkataza Ayoub, na Ayoub alikuwa amemkataza mama yake, lakini yule mama hakuwa mtu wa kukatazwa. Amour alifungua kopo, akatazama ndani.

"Hawa ni panzi," alisema.

"Ni senene, mzee. Ni jamii ya panzi, wamekaangwa. Kwetu hawapewi watu hivi hivi. Anapewa mtu wa nyumbani."

Salhiya alimtazama mumewe kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa iliyo karibu kufurika. Amour aliligeuza kopo, akaligeuza tena.

"Nzige ni halali," alisema mwishowe, kama anayejikumbusha mwenyewe. "Hilo limepokewa, halina ubishi. Na huyu ni mtoto wa ami yake nzige."

Akachukua mmoja kwa ncha za vidole, akamtia mdomoni, akatafuna huku macho yake yako kwenye dari. Kisha akachukua wa pili.

"Kama dagaa wa kukaanga," alisema, na Yusra akavuta pumzi.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa mazungumzo marefu kuliko yote ambayo Amour aliwahi kuwa nayo na mgeni. Ayoub alieleza kwamba alipokuwa mdogo, msimu ukifika, senene walianguka uani kwao kama mvua, na watoto waliwaokota kwa ndoo. Siku hizi mabonde yenye nyasi wanamozaliana yamelimwa, na wafanyabiashara wanawasha mataa makubwa kuwavuta wote mahali pamoja. Mama yake sasa anawanunua. Kuna watu wameanza kujaribu kuwafuga, alisema, maana kitu kikishaanza kununuliwa hakikawii kwisha.

"Kama mwani wetu," alisema Salhiya.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alikuwa amelima mwani ufukweni hapo tangu Yusra hajazaliwa, yeye na shoga yake Biasha, kamba zao zimefuatana, wake kwa waume wa kijiji wakiwahesabu kuwa ni mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Kisha maji yakaanza kuwa ya moto. Mwani mnene, ule wenye bei, ukawa unapauka na kukatika mikononi. Salhiya alivumilia misimu kadhaa, halafu akajenga banda la kuku. Biasha alibaki baharini.

Baada ya kula walikwenda kuwatazama kuku. Ilionekana kuwa Ayoub kweli alikuwa mjuzi wa kazi yake, jambo lililomshangaza Salhiya, ambaye alikuwa ameshaamua kumpenda bila ya hilo. Alichota chakula kwenye mfuko, akakipepeta kwenye kiganja, akamwonyesha chembe zilizobaki chini.

"Huu ni mchanga, mama. Dagaa wamepanda bei, basi anayesaga anachanganya na mchanga. Kuku wako wana njaa huku matumbo yamejaa."

"Dagaa wenyewe ndio hao hao nnaopika mchana," alisema Salhiya. "Mara nyengine najiuliza, tunamlisha nani hasa?"

Ayoub alimtazama Yusra, naye Yusra akatikisa kichwa kumwambia asiseme, lakini alisema. Kuna nzi mmoja mweusi, mwembamba kama nyigu, anayepatikana hapa hapa Unguja. Funza wake wanakula kila kinachooza, wananenepa, na kuku wakiwala hutaga kama waliokula dagaa. Hawataki shamba, hawataki maji ya kumwagilia, na hakuna wavu unaotupwa baharini kwa ajili yao.

"Funza," alisema Amour kutoka nyuma. Alikuwa amesimama mbali, ameshika pindo la kanzu.

"Naam, mzee. Lakini nzi wenyewe wakishakua hawali. Hawana haja na sahani ya mtu. Wanaoana, wanataga, wanakufa."

"Na faida yake ni hakika?" aliuliza Salhiya.

"Inategemea wanalishwa nini," alisema Ayoub. "Wakila kitu ambacho hakuna mwingine anakitaka, faida ipo. Ukiwalisha chakula ambacho mwenzao angekila, umezunguka tu na kurudi pale pale."

Salhiya alilisikia neno hilo, akalikubali, na kwa bahati mbaya akalisahau.

Jioni, wageni walipoondoka, Amour alikaa muda mrefu barazani.

"Mimi nilioa mwanamke wa mwani," alisema. "Nikakubali kuishi na mwanamke wa kuku. Hili la funza sijui."

"Nikiwaweka mwisho wa kiwanja, nyuma ya banda, upepo ukiwapeleka huko kwenye kichaka?"

"Na wasitajwe wakati wa kula."

"Hawatatajwa."

"Na yule kijana?"

"Yule atatajwa," alisema Salhiya, na Amour akacheka.

Ayoub akawa anakuja mara kwa mara siku za mapumziko kujenga nyumba ya nzi, na hakuna aliyeuliza tena sababu. Alikata madumu ya plastiki kwa urefu yawe mabeseni ya funza. Aliweka maembe yaliyooza kwenye ndoo ili nzi weusi wa porini waje wenyewe kutaga. Kisha akaanza kushona chandarua kiwe kizimba, na hapo ndipo Amour, aliyekuwa akitazama kwa mbali, aliposhindwa kuvumilia. Mshono ule ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi.

"Lete," alisema. "Kama atajengewa nyumba, basi iwe na pindo."

Alivaa miwani, akatoa cherehani yake uani, akakishona kile kizimba kwa uangalifu ule ule aliowashonea watu kanzu za harusi. Yusra na Ayoub walimshikia kitambaa huku na huku, na kwa kuwa Amour aliangalia sindano tu, walipata nafasi ya kutazamana kadiri walivyotaka.

Nzi weusi walipoanza kuruka ndani ya chandarua, Amour alikuja kila asubuhi kuwatazama, mikono nyuma. Siku moja mmoja alitoroka akatua ukutani, hatua chache kutoka kwenye chai yake. Akangoja. Nzi yule hakuisogelea chai. Alibaki pale ukutani akijiotea jua mpaka Amour alipomaliza kunywa.

"Ana adabu huyu," alimwambia Salhiya. Na yeye, aliyemjua, aliona kwamba pingamizi lake lilikuwa limekwisha.

Kuku walipewa funza wakagombana kwa furaha. Mayai yakarudi, na viini vyake vikawa na rangi nzuri. Salhiya akaacha kununua dagaa wa kuku. Wale aliowanunua sokoni Darajani alipokwenda kumwona Yusra aliwapika kwa nazi na bilinganya, na yeye na mumewe wakawala wote. Jirani walikuja kuchungulia, wengine wakiziba pua kabla hawajafika, wakashangaa kukuta hakuna cha kuziba. Mabaki yaliyotoka chini ya funza, meusi na makavu kama majani ya chai, aliyatia kwenye mashimo ya migomba.

Tatizo la funza ni kwamba hawashibi. Salhiya aliongeza mabeseni, akaongeza kuku, na kila beseni lilitaka kulishwa. Akawa anapita nyumba hadi nyumba na ndoo, akiomba machicha ya nazi, maganda ya muhogo na wali uliolala. Watu wakampa kwa moyo mkunjufu. Wengine waliona fahari kusema taka zao zinageuka mayai, na ikafika pahali wakawa hawasubiri kuombwa, wanampelekea wenyewe.

Ayoub, alipokuja na kuona ndoo zile zimejaa, aliuliza, "Mama, haya machicha yote zamani yalikuwa yanakwenda wapi?"

"Yanatupwa tu," alisema Salhiya. Aliamini anasema kweli. Nyumbani kwake yalikuwa yakitupwa.

Ni katika siku hizo Biasha alipoacha kuja.

Hakuacha kwa ugomvi. Salhiya alimwona ufukweni, wakasalimiana, wakaulizana hali. Lakini zile ziara za alasiri, Biasha akiingia bila hodi na kuketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kama ni chake, hazikuwepo tena. Salhiya alijisemea kwamba mwenzake ana kazi. Akampelekea mayai kwenye sahani. Kesho yake sahani ikarudi, imeoshwa, inang'aa, na ndani hamna kitu.

Salhiya aliishika sahani ile kwa muda. Katika miaka yote ya ujirani wao sahani haikuwahi kurudi tupu. Ingekuwa na limau moja, au ukoko wa mkate wa kumimina, au hata majani ya mchaichai, lakini isingekuwa tupu.

"Amenichukia," alimwambia Amour.

"Kwa lipi?"

"Sijui. Labda kwa kumwacha peke yake baharini. Au anaona kinyaa hawa funza."

"Biasha amewahi kumla pweza mzima akiwa bado anajinyonganyonga," alisema Amour. "Hawezi kuona kinyaa."

Jambo lile lilimuuma Salhiya kuliko alivyotaka kuonyesha. Yusra alipokuwa mchanga, Salhiya alipatwa na homa kali na maziwa yakakauka, naye Biasha, aliyekuwa na mtoto wake mdogo, alimchukua Yusra akamnyonyesha mpaka mama yake aliposimama. Kwa hiyo Yusra alikuwa na mama wawili, na hilo halikuwa maneno ya mapenzi tu, lilikuwa jambo la sheria ya dini. Na sasa ami yake Ayoub alikuwa ametuma salamu kutoka Mjini kwamba anataka kuja kwa posa. Ingewezekanaje Yusra aposwe na mama yake mmoja hayupo?

Sababu ya Biasha kuacha kuja aliipata Amour, na aliipata kwa ajili ya mbuzi. Alikuwa akitoka msikitini baada ya sala ya alasiri alipomwona mbuzi wa Biasha amesimama kwa miguu miwili mbele ya duka, anatafuna boksi la sabuni. Mwenye duka alimfukuza, akamwambia Amour kwamba kila siku ndiyo hivyo. Wala si mbuzi tu. Bi Biasha mwenyewe siku hizi anakuja kununua pumba, kidogo kidogo, kwa ajili ya bata wake, na juzi alikuja kuuliza kama kuna mtu anataka kununua bata.

Amour alirudi nyumbani pole pole. Alimkuta Salhiya anamimina machicha kwenye beseni. Alikaa karibu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akatazama funza wanavyoyafunika yale meupe mpaka hayaonekani.

"Mama Yusra," alisema, "hapo mwanzo bata wa Biasha walikuwa wakila nini?"

Salhiya akaacha kumimina. Alimwona Biasha kichwani mwake, asubuhi baada ya asubuhi, kikapu kwapani, akipita kwa jirani akizungumza na kucheka. Siku zote alidhani mwenzake anapenda tu kutembelea watu.

Hakungoja hata kunawa vizuri. Alichukua ndoo ambayo ilikuwa bado haijamiminwa, akaitwika, akatoka.

Biasha alikuwa uani, anakata majani ya mlonge kuwatupia mbuzi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyokauka kwa chumvi, na hakuinuka.

"Hodi hapa," alisema Salhiya.

"Karibu. Tangu lini wewe ukapiga hodi?"

"Tangu sahani yangu iliporudi tupu."

Biasha aliendelea kukata majani. Salhiya alitua ndoo, akaifunua, akaisogeza kwenye karai la bata. Bata wakaja mbio, wanapigana vikumbo, na sauti ya midomo yao kwenye machicha ikaujaza uwanja. Walikuwa wamekonda. Salhiya aliwahesabu kwa macho, akaona wamepungua.

"Kwa nini hukuniambia, shoga yangu?"

"Nikwambie nini? Kwamba funza wako wamewala bata wangu? Ningechekwa kijiji kizima."

"Mimi nisingecheka."

"Wewe ungelia, na mimi sikutaka ulie. Umetoka kwenye maji ya moto, umepata kitu chako, kila mtu anakusifu. Nije mimi na kikapu changu niseme nini? Halafu watu wenyewe walinambia, kwa furaha, 'Biasha, leo hakuna, tumempa shoga yako.' Walidhani nitafurahi."

Salhiya aliketi chini, kwenye mchanga, na kweli akalia kidogo, na Biasha akamtazama kama mtu aliyekwisha kulitabiri hilo.

"Mimi niliulizwa," alisema Salhiya akijifuta kwa pembe ya kanga. "Yule kijana aliniuliza yalikuwa yanakwenda wapi. Nikamwambia yanatupwa."

"Ungemwambia yanakuja kwangu."

"Sikujua, Biasha. Wallahi sikujua. Nimekaa na wewe umri wote huu na sijui bata wako wanakula nini."

"Basi sasa unajua," alisema Biasha, na sauti yake ikalegea. "Mayai yako nimeyala yote siku ile ile. Yalikuwa matamu. Ndiyo maana sahani ikarudi tupu, nilikasirika kwamba ni matamu."

Salhiya alianza kucheka huku bado machozi yanamtoka. Biasha alijizuia kidogo, kisha naye akashindwa. Wakacheka mpaka mbuzi akainua kichwa kuwatazama.

Walipotulia, Salhiya alisema kuanzia kesho machicha yote yatarudi kwa Biasha, na yeye atapunguza kuku. Biasha hakukubali lile la kuku.

"Wape mwani," alisema. "Ule uliooza. Pale kwenye kamba zangu unakatika kila bamvua, maji makubwa yakija, unajaa ufukweni, unanuka mpaka wageni wa mahoteli wanalalamika. Mbuzi hawautaki. Bata hawautaki. Tujaribu kama funza wataukubali."

"Una chumvi."

"Si masika haya? Tuutandaze juu ya makuti, mvua iuoshe."

Wakafanya hivyo. Asubuhi ya pili walikuwa ufukweni pamoja, kanga zimefungwa viunoni, wanakusanya mwani uliopauka na kuutia kwenye viroba. Salhiya alikuwa hajashika mwani tangu alipoacha kuulima, na mikono yake iliukumbuka. Mvua ya masika iliuosha siku kadhaa juu ya makuti. Funza walipowekewa mwani peke yake waliuzungukazunguka bila hamu. Yusra, alipoambiwa, alimpigia Ayoub simu, naye akasema wauchanganye na kitu laini. Wakachanganya na mapapai yaliyoharibika, na hapo wakaula. Walikua pole pole, na hawakunenepa kama wale wa machicha, lakini walikua.

Amour naye alijitwisha sehemu yake. Alivaa kanzu safi akaenda kwenye hoteli moja iliyo karibu, akaomba kuonana na mpishi. Mpishi alikuwa mwanamke wa makamo, Nassra jina lake. Alimwambia wanatupa vitu vingi sana kila siku, gari linavichukua na kuvifukia shimoni porini.

"Kuna mtu mwengine anayevichukua?" aliuliza Amour. "Kwa mbuzi, au kwa kuku?"

"Hakuna, mzee. Wewe ni wa kwanza kuuliza."

"Na nguruwe je?"

"Kwa wageni, yupo."

"Basi mimi naomba maganda ya matunda na mboga tu, kwenye ndoo yake mwenyewe, isiyoguswa na kingine. Ndoo nitaleta mimi."

Nassra aliitazama kanzu ile nyeupe, akaahidi kwamba ndoo ataisimamia mwenyewe. Tangu siku hiyo watu wa Jambiani walizoea kumwona Amour, fundi wa kanzu, akipita njiani asubuhi na ndoo ya maganda, akiibeba mbali kidogo na mwili wake, lakini akiibeba.

Hata hivyo masika yaliposhika, wageni wakapungua, na ndoo ya Nassra ikawa nyepesi. Funza wakaanza kupungua pia. Ilikuwapo njia rahisi, nayo ilikuwa kuwamiminia pumba na soya kutoka kwenye mfuko wa kuku. Salhiya alisimama na bakuli mkononi siku moja, mfuko uko wazi, akafikiri. Kisha akaufunga. Akauza baadhi ya kuku, akabaki na wale ambao mwani na maganda yangewatosha. Haikuwa rahisi kwake kuwatoa. Alikuwa amewapa majina baadhi yao, ingawa hakumwambia mtu.

Ayoub alipokuja alielezwa yote, tangu bata mpaka sahani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa natayarisha maelezo kwa ajili ya wafugaji wa vijiji vingine," alisema. "Nimesema funza wako ni nafuu kubwa kwa bahari na ardhi. Sasa itabidi niseme vingine. Kwa miezi ile ya machicha hakukuwa na nafuu yoyote, maana Bi Biasha alikuwa ananunua pumba iliyovuka bahari kutoka bara. Kwa sasa nafuu ipo, lakini ndogo."

"Umeona vibaya?" aliuliza Salhiya.

"Hapana, mama. Ndogo ya kweli ni bora. Watu wakiahidiwa kubwa wataniuliza iko wapi."

Biasha, aliyekuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, alimtazama kijana yule.

"Na mimi utaniandika?"

"Ukiniruhusu."

"Niandike. Sema bata wamenenepa tena."

Posa ilikuja mwisho wa masika. Ami yake Ayoub alikuwa mzee wa Mjini, fundi seremala wa asili ya bara aliyekaa Mji Mkongwe miaka mingi mpaka ikasahaulika kuwa alitoka pahali pengine. Alikuja na wenzake wawili, wakakaa kwenye mkeka pamoja na Amour na wazee wa kijiji, wakasema maneno yanayosemwa. Ndani, Salhiya na Biasha walikaa bega kwa bega nyuma ya pazia, Yusra katikati yao, wanasikiliza. Amour alipoulizwa jibu lake, alisema binti huyu ana mama wawili, na hawezi kujibu mpaka awaulize wote.

Akaja mpaka kwenye pazia. "Mama Yusra, unasemaje?"

"Mimi nshakubali tangu siku ya pilau," alisema Salhiya.

"Na wewe, Bi Biasha?"

Biasha alimshika Yusra mkono, akaugeuza, akautazama kama mtu anayechagua mbegu ya mwani.

"Unampenda?" alimnong'oneza.

"Nampenda, mama."

"Anakusikiliza ukisema?"

Yusra alifikiri. "Mara nyingi. Isipokuwa nilipomwambia asilete senene."

"Hilo ni la mama yake, si lake," alisema Biasha. Kisha akapaza sauti kidogo ili wasikie nje. "Waambie tumeridhia."

Nikaha ilifungwa msikitini Jambiani, na siku chache baadaye maharusi walihamia Mjini, kwenye vyumba viwili vya ghorofani karibu na Mkunazini, ambako hakuna kiwanja cha kufugia hata kifaranga. Mama yake Ayoub alikuja kutoka Bukoba, akakaa Jambiani wiki nzima. Hakujua kulima mwani wala hakuwahi kuiona bahari kwa karibu, lakini aliingia majini na nguo zake zote pamoja na wakwe wenzake wawili, akapiga kelele kidogo wimbi lilipomfikia magotini, akatoka na kiroba kimejaa kuliko vyao.

Kaskazi iliyofuata maji yalikuwa ya moto tena. Kamba za Biasha zilipauka karibu zote. Alikaa ufukweni akizitazama, na Salhiya akakaa naye.

"Njoo tufuge pamoja," alisema Salhiya. "Kuku nusu wako, nusu wangu. Bata wabaki wako."

"Na mwani?"

"Tutaweka kamba chache. Ukistawi, tutauza. Ukioza, tunajua pa kuupeleka."

Biasha aliupangusa mchanga kwenye magoti yake.

"Mimi sitaki kuwagusa wale funza kwa mkono," alisema. "Nasema mapema."

"Nitakupa kijiko."

"Kijiko kirefu."

"Kirefu," alisema Salhiya, wakainuka, wakachukua viroba vyao, wakaanza kukusanya mwani uliotupwa na maji kabla jua halijakuwa kali.